Chai ya Chumvi na Kigoda cha Leokadia

Vijana wangu wa Ustawi wa Jamii mliobaki na lile kabati lisilofungika, shikamoo zenu nimezipokea kwenye simu hadi sikio limeota sugu. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazini, na mmoja wenu akaongeza, "Ila Mzee Desderi, habari za vyeo usituwekee." Asiwe na wasiwasi. Vyeo vyangu vyote naweza kuvisimulia nikiwa nimebana pumzi na bado nikabakiwa na hewa ya kupiga chafya. Nitaandika habari za kikombe cha chai, pikipiki na kigoda, maana ndivyo vilivyonifundisha sheria. Chuo nilikwenda pia, sikatai, lakini chuo kilinifundisha kurasa.

Niliingia kazini nikiwa mtu mzima mwenye masharubu. Kabla ya hapo nilikuwa mfagizi wa ofisi hizohizo, na jioni nasoma madarasa ya watu wazima katika ile baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba, inayogandisha wino ndani ya kalamu na hasira ndani ya mwalimu. Nilipofaulu, mtaa mzima ulisikia. Wasiosikia niliwafuata majumbani kwao.

Siku ya kwanza nilivaa suti ya kaka yangu, ambaye Mungu alimjalia mabega kuliko mimi. Mkuu wangu alikuwa Mama Skolastika, mama mfupi mnene, muuguzi wa zamani, mwenye sauti ya chini ambayo ilifanya hata madiwani wakae sawasawa. Alinikaribisha kiti, akanimiminia chai ya chupa. Nikapiga funda moja. Chumvi! Tena si chumvi ya bahati mbaya. Ilikuwa chumvi ya kukaushia samaki wote wa Ziwa Rukwa na wengine wakaazimwa Tanganyika.

"Chai ikoje?" akauliza.

"Nzuri sana, mama."

"Nikuongeze?"

"Kidogo tu, mama. Asante."

Akajaza hadi ukingoni. Nikamaliza. Akajaza tena. Nikamaliza, macho yananitoka kama ya chura. Ndipo akaweka chupa chini.

"Desderi, chai hii nimeitia chumvi kwa mkono wangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona... wewe ni mkubwa, mama. Na ni siku ya kwanza. Nikaona ni adabu."

"Vizuri. Sasa nisikilize. Wewe una masharubu, una cheti, una suti, ingawa si yako. Na bado umeshindwa kuniambia mimi mama mtu mzima neno moja, hapana. Mtu ambaye tangu anatambaa amefundishwa kumtii kila mkubwa, na akili yake inakwenda taratibu kuliko yetu, atakataa vipi? Hapa kazini, ukimsikia mtu wa namna hiyo anasema ndiyo, usiandike kitu. Kwanza itafute hapana yake. Ukiishaijua hapana yake, ndipo ndiyo yake itakuwa na maana."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu elekezi. Yalifuatwa na kiu ya siku mbili.

Sheria yenyewe aliniambia kwa maneno ambayo hata mfagizi angeyashika, na mimi nilikuwa bado nanukia dawa ya sakafu. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili ni mtu mzima. Mwili ni wake. Mwanamume anayemwingilia huku hajaridhia, au huku akijua kwamba haelewi anachoridhia, anafanya kosa la jinai, hata kama ukoo mzima umembariki na ng'ombe wakalia kwa furaha. Ridhaa haikai kwa baba wala kwa mjomba wala kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kama anaelewa na anataka, ni haki yake kupenda kama mimi na wewe. "Sehemu ya kwanza watu wanaisahau," alisema, "na sehemu ya pili wanajifanya hawajawahi kuisikia."

Vifaa vyetu vilikuwa mkoba wenye picha za kuchora za mwili wa binadamu, na pikipiki tuliyoiita Nyumbu. Nyumbu ilikuwa haipandi kilima ila kwa kubembelezwa. Mama Skolastika alikaa nyuma kwa upande, na uzito wake ulifanya tairi la mbele liangalie mbinguni kama linasali.

Sasa niwape kesi yenyewe.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja kutoka upande wa Kaengesa amekumbatia kuku. Akasema amekuja kuulizia chanjo ya kuku. Mama Skolastika akamwambia ofisi ya mifugo iko nyuma ya jengo, lakini akae kwanza anywe chai. Ilikuwa ya sukari. Ile ya chumvi ilikuwa ya waajiriwa wapya. Yule mama akanywa nusu kikombe, akaweka kuku miguuni, na chanjo ikasahaulika.

"Nina binti yangu, Leokadia," akaanza. "Ni mwanamke mtu mzima, lakini toka kuzaliwa kichwa chake kinakwenda polepole. Kulima anajua, kusonga ugali wa ulezi anajua. Maneno ndiyo machache. Sasa shemeji yangu Fridolini, mdogo wa marehemu mume wangu, amemletea mchumba. Mzee Gaudensi, yule mgane mwenye mashine ya kusaga. Jumapili wanamchukua. Wanasema mtoto mwenyewe amekubali."

"Amekubali kwa kusema nini?"

"Hakusema. Alipiga makofi."

Ninyi mlioletwa hapa kutoka pwani huku mnalia kwenye basi, niwaeleze. Kwetu Ufipa mtu mwenye adabu akisemeshwa na mkubwa hushuka chini akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, pwa, pwa, pwa. Ndiyo heshima yetu. Leokadia alikuwa na heshima kuliko parokia nzima.

"Na wewe mama yake unaonaje?" akauliza Mama Skolastika.

Yule mama akamtazama kuku. "Shemeji anasema akiwa na mume wahuni hawatamchezea. Labda ni kweli, mimi nitajuaje? Lakini nimemzaa, nimekaa naye miaka yote, na sijui kama anataka. Hakuna aliyewahi kumwuliza kitu. Hata mimi. Nimekuja mnisaidie kujua."

"Ya kuku chanjo ipo," akasema Mama Skolastika akifunga mkoba. "Ila ndoa si chanjo, mama yangu. Desderi, washa Nyumbu."

Mama yake Leokadia alitangulia na gari la mizigo, sisi tukafuata. Upepo wa uwanda siku hiyo ulikuwa ule unaomvua mtu kofia Sumbawanga na kumvisha mwingine Namanyere. Tulifika tumepakwa vumbi hadi kwenye meno. Leokadia alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda cha miguu mitatu, anachambua maharage. Alipotuona akashuka, pwa, pwa, pwa. Mwanamke mrefu, kitambaa cheupe kichwani, uso mtulivu. Baba mdogo Fridolini akatoka ndani akiwa amevaa koti la kwendea kanisani, maana habari zetu zilikuwa zimeshafika kabla ya Nyumbu.

"Karibuni, karibuni. Nimesikia kuna wasiwasi. Hakuna wasiwasi! Tazameni wenyewe. Leokadia, mwanangu, unamtaka Mzee Gaudensi?"

Pwa, pwa, pwa.

"Mmeona?" Akatugeukia kama mtu aliyeshinda rufaa.

Mama Skolastika akachuchumaa mbele ya Leokadia, uso kwa uso, akatabasamu. "Leokadia, mwanangu, unataka kuolewa na hii pikipiki?"

Pwa, pwa, pwa.

"Unataka tumnyoe Baba mdogo ndevu kwa jembe?"

Pwa, pwa, pwa, kwa heshima ileile.

Fridolini akajishika kidevu. Mama Skolastika akamshika Leokadia mkono. "Unisamehe, mwanangu. Maswali hayo hayakuwa yako, yalikuwa ya Baba mdogo."

Fridolini hakuwa mtu mbaya, naomba mlielewe hilo. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba binti ni kama nyumba, ikipata mwenye ufunguo imesalimika. "Lakini sisi familia tumeridhia," akasema.

"Mnaolewa ninyi?"

"Hapana, lakini—"

"Basi ridhaa yenu wekeni akiba, mtaitumia siku mkiposwa. Bwana Fridolini, nisikilize vizuri maana hapa sitanii. Mkimpeleka kwa mwanamume bila yeye kuridhia, mlango ukishafungwa kitakachotokea kina jina lake kwenye sheria, na jina hilo si ndoa. Na aliyemsindikiza hadi mlangoni ataulizwa na polisi alikuwa anasindikiza nini."

Maharage yaliacha kudondoka.

"Sasa," akasema, "tutafute hapana yake."

Kazi hiyo si ya dakika, vijana. Tulipewa pembe ya ua, mama yake akakaa nasi. Nikampa Leokadia uji wa baridi, akaunywa akashukuru. Nikamwomba kitambaa chake cha kichwa, akanipa. Nikamwambia aniruhusu nichanganye maharage aliyokwisha kuyachambua, kazi ya asubuhi nzima, akapiga makofi. Nilianza kukata tamaa. Na mimi nikikata tamaa huwa naimba. Nina sauti ambayo, nasema bila kujisifu, iliwahi kutikisa vioo vya kanisa, ingawa mwalimu wa kwaya alidai lilikuwa tetemeko. Nikaanza wimbo wa mavuno.

Sikufika kiitikio. Leokadia aliinuka, akakishika kigoda chake, akakigeuza, akakaa akitazama ukuta. Mgongo wote kwangu.

Nikanyamaza. Akasubiri kidogo. Akakigeuza tena, akarudi kwenye maharage.

"Imba," akanong'ona Mama Skolastika.

Nikaimba. Kigoda kikageuka.

"Nyamaza."

Kikarudi.

"Imba, Desderi! Imba kwa nguvu!" Macho yake yaling'aa kama mtu aliyeokota almasi shambani. Mama yake Leokadia akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, sijui kwa kicheko au kwa kilio, maana alisema, "Hivyo ndivyo anavyofanya tangu mdogo! Mimi nilijua anaangalia mijusi."

Ndiyo hivyo. Wengine wana digrii ya sheria. Mimi ni kipimo cha sheria. Ndiyo yake nayo tuliipata jioni hiyo, kwa njia rahisi zaidi. Mama yake alipotoa karanga za kukaanga, Leokadia alikivuta kigoda kwa mikono miwili, akakisogeza hadi magoti yakagusana na ya mama yake. Kitu akikitaka, anavuta kigoda karibu. Kitu asipokitaka, ukuta. Lugha nzima ya mtu, ilikuwa pale uani kila siku, watu wanaipita na ndoo za maji.

Tulilala kwa masista, na kesho yake Mzee Gaudensi akaja, ametumiwa habari. Mtu mpole, pumba za mahindi hadi kwenye kope, amevaa tai ambayo nadhani ilikuwa ya mazishi ya mkewe. Akakaa kwenye kiti cha wageni. Leokadia akashuka, akampigia makofi ya salamu, akainuka, akakigeuza kigoda. Ukuta.

"Aaa!" Fridolini akachekelea. "Aibu ya mchumba hiyo! Binti wa Kifipa akikodolea macho posa yake, huyo ni binti gani? Hii ni dalili nzuri kabisa!"

Na hapo, vijana, ndipo palikuwa na shimo. Maana alikuwa anasema kweli. Kwetu binti anayeposwa hutazama pembeni, hujifunika, hugeuka. Adabu ya mwanamke anayetaka inafanana kabisa na mgongo wa mwanamke asiyetaka. Wangapi wamepelekwa kwa sababu hiyo, wakiwa na akili zao zote, sitaki hata kufikiri.

Mama Skolastika hakubishana. Alimwomba Mzee Gaudensi atoke nje ya ua. Kigoda kikarudi. Akamwomba aingie. Ukuta. Akamleta katekista, mzee wa jirani, akae kiti kilekile. Kigoda kikabaki palepale, Leokadia anachambua maharage. Akanigeukia.

"Desderi, wimbo."

Nikaimba. Ukuta, tena kwa kasi iliyomwaga maharage.

"Bwana Fridolini," akasema, "na huyu naye ni mchumba?"

Kisha Mama Skolastika akafanya jambo ambalo ninyi hamtalikuta kwenye mwongozo wowote. Alimwomba Mzee Gaudensi aingie tena akae. Kigoda kilipogeuka, yeye akachukua kigoda kingine, akaenda akakaa kando ya Leokadia, wote wawili wanatazama ukuta kama wanasubiri basi. Hakuna mkubwa mbele yake wa kupigiwa makofi. Ndipo akauliza, taratibu, "Leokadia, unataka kwenda kukaa kwa Mzee Gaudensi?"

Tulisubiri. Jogoo akawika huko, akajuta.

"Sitaki," akasema Leokadia kuuambia ukuta. "Nataka kulala kwa mama."

Mama yake akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Mzee Gaudensi ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alifungua tai yake, akaikunja, akaitia mfukoni. "Fridolini, uliniambia ananipenda. Mimi nimeoa mara moja, na yule marehemu alinitaka mwenyewe, alinifuata hadi mashineni. Siwezi kukaa na mtu anayetazama ukuta." Alipofika mlangoni akasimama, akaninong'oneza, "Mwanangu, niambie ukweli. Kati yangu na wewe unapoimba, nani amegeuziwa mgongo upesi zaidi?"

"Mimi, mzee. Tena si kidogo."

"Basi," akasema, na akaondoka ametulia kidogo.

Msidhani tulifunga mkoba tukarudi mjini. Kama Leokadia angebaki na hapana ya kigoda tu, siku akikutana na mhuni njiani asingekuwa na kigoda. Kwa hiyo tulirudi wiki baada ya wiki, Nyumbu ikihema, na zile picha za kuchora. Hapa ni pako. Hapa ni pako. Mtu akigusa hapa na hutaki, sema sitaki, paza sauti, kimbilia kwa mama. Tulifanya mazoezi ya kupaza sauti hadi mbuzi wa jirani wakahamia kata nyingine. Leokadia alilipenda neno hilo kama mtoto anavyopenda filimbi, na matokeo yake mama yake akaja ofisini amekunja uso.

"Mmeniharibia mtoto! Vyombo, sitaki. Kuni, sitaki. Kumsalimia Baba mdogo, sitaki! Jana padre kamuuliza kama anataka kuungama, kamwambia sitaki mbele ya mstari mzima!"

"Padre akasemaje?"

"Kasema ni haki yake!"

"Mvumilie, mama," Mama Skolastika akamwambia. "Amekaa na neno hilo tumboni miaka yote. Acha alitumie hadi lipungue makali."

Na siku ya gulio, mwaka uliofuata, mwanamume mmoja mpita njia alimshika Leokadia mkono nyuma ya vibanda vya mitumba akaanza kumvuta. Leokadia alisikika hadi Muze, na Muze iko chini ya milima. "SITAKI!" Wauza nyanya waliacha nyanya. Wakamshikilia yule bwana hadi polisi walipokuja, na mahakamani Leokadia alipewa kigoda, na Mama Skolastika alikaa kando yake, na hakimu aliyekuwa na subira alimsikiliza hadi mwisho. Yule bwana alifungwa. Hapo sina utani wa kuweka.

Ninachotaka mkumbuke ni pia upande ule mwingine. Miaka kadhaa baadaye Fridolini alinipigia simu, anahema: "Afisa! Amevuta kigoda!" Kulikuwa na msukaji wa vikapu pale kijijini, mtu mkimya, na Leokadia alikuwa amekivuta kigoda chake hadi kwake, kila alasiri, kwa hiari yake. "Nimfungie ndani?" akauliza. Nikamwambia sheria haikutungwa ili Leokadia asipendwe. Tulikwenda, tukakaa nao, tukauliza maswali yetu taratibu, kila mmoja peke yake, bila haraka na bila wazee. Tulichokisikia ni mambo yao. Wanasuka vikapu pamoja hadi leo, na ugomvi wao mkubwa ni kwamba Leokadia anakaza sana.

Mama Skolastika alitutangulia. Alizikwa na watu wengi kiasi kwamba wengine, naapa, walisimama mpakani Zambia. Mimi nikaendelea hadi wiki iliyopita mliponifanyia ile sherehe ukumbini, na keki yenye jina langu lililokosewa.

Mnakumbuka mgeni rasmi alivyohitimisha. Alisema, "Wote tunaokubali kwamba mzee wetu amefanya kazi ya kutosha na sasa akapumzike, tupige makofi!" Ukumbi ukalipuka. Mkurugenzi alipiga, madiwani walipiga, Fridolini na mvi zake alipiga. Na katikati ya makofi hayo nikasikia kiti cha plastiki kinakwaruza sakafu.

Leokadia alikuwa safu ya tatu na mama yake. Amekigeuza kiti. Anatazama ukuta.

Mshereheshaji akamwinamia mama yake. "Mama, huyu dada ana shida gani?"

"Hana shida," mama yake akajibu kwa sauti ya kusikika. "Anakataa."

Baadhi yenu mmeeneza kwamba aligeuka kwa sababu aliniona nataka kuimba. Naapa kwa masharubu yangu, nilikuwa bado hata sijasafisha koo.

Nilichukua kiti changu cha mgeni wa heshima, chenye maua ya karatasi, nikakibeba kupita meza kuu, nikakiweka kando yake. Tukautazama ukuta. Ukumbi wote ukabaki nyuma yetu.

"Hutaki niache kazi?"

"Sitaki."

"Nimezeeka, Leokadia. Lakini nitakuja kuwasalimia nyumbani. Nitakunywa chai. Sitaimba."

Akafikiri. Halafu akashika kiti chake kwa mikono miwili, akakivuta hadi kikagonga changu.